Msiba wa Fisi na Kesi ya Kisima

Mwaka ule vuli haikunyesha, na masika nayo yakapita makavu. Mto ukabaki mchanga mtupu. Kila asubuhi wanyama walikwenda kuutazama mchanga ule, kisha wakarudi makwao, kana kwamba mto ungeona haya kwa kutazamwa.

Mama Ngiri hakutazama tu. Alipiga magoti, maana ngiri kila kazi huifanya kwa magoti, akachimba kwa meno yake marefu siku tano. Siku ya nne jino moja lilikatika. Siku ya tano maji yakatoka: machache, ya baridi, ya kumtosha yeye, watoto wake wanne na jirani yeyote mwenye adabu.

Fisi hakuwa na adabu. Siku ya sita alikuja, akanusa, akajitumbukiza kisimani na kukaa humo, maji yakamfika kifuani.

"Bwana Fisi," alisema Mama Ngiri kwa sauti ndogo, "kisima hicho nimechimba mimi."

"Wewe umechimba shimo," Fisi akajibu huku akisukutua. "Maji yamekuja yenyewe. Na yamenikuta mimi."

Mama Ngiri akaenda kushtaki kwa Simba.

Baraza la Simba lilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kitu kinachogombewa lazima kiwe mbele ya macho ya hakimu. Kwa hiyo wanyama wote walikusanyika pale kisimani, na Fisi akajibu mashtaka akiwa ndani ya maji. Desturi ya pili ilikuwa hii: kesi ikiahirishwa, Simba hupiga mkia chini mara tatu na kutamka, "Baraza limeahirishwa! Kila kitu kibaki kama kilivyo!" Hapo aliyesimama hubaki aliposimama, na aliyekalia hubaki na alichokalia, mpaka siku ya kikao kingine.

Simba aliyapenda sana maneno hayo. Akiyatamka, wanyama wote husimama na kuinama mpaka apite na manyoya yake ya shingoni. Tena yeye alikuwa na dimbwi lake nyuma ya jiwe, kwa hiyo kiu ya wengine haikumkimbiza.

Siku ya kwanza Fisi alisema, "Bwana Mkubwa, shahidi wangu ni Bundi. Mchana haoni. Atashuhudia nini naye haoni? Naomba tuahirishe."

Simba akapiga mkia mara tatu. Wanyama wakainama. Siku saba.

Kikao cha pili Fisi alijishika tumbo. "Bwana Mkubwa, tumbo linaniuma. Siwezi kujieleza."

"Tumbo lazima liume," alisema Sungura kutoka nyuma. "Limebeba kisima kizima."

Wanyama wakacheka, lakini Simba akapiga mkia. Siku saba nyingine.

Kikao cha tatu Fisi alikuwa analia. "Bwana Mkubwa, shangazi yangu amefariki! Shangazi yule aliyenilea! Aliyekuwa akinitafunia mfupa ukiwa mgumu!"

Simba, ambaye alikuwa hajapata kuinamisha kichwa mbele ya mnyama yeyote, aliinamisha kichwa chake kikubwa kwa heshima ya marehemu, manyoya yakaburuza mavumbini. Kisha akapiga mkia mara tatu, akaondoka akijikung'uta.

Mama Ngiri alibaki amepiga magoti ukingoni. Watoto wake walikuwa wanalamba mchanga mbichi. Ngiri akikimbia mkia wake husimama wima kama ufito, lakini mkia wa kitinda mimba wake ulikuwa umelala siku mbili sasa, hata akikimbia. Na hakuwa akikimbia sana.

"Sungura, ndugu yangu," aliuliza, "mimi si msomi. Huku kuahirisha maana yake nini hasa?"

"Ni kuilaza kesi, Mama. Haijafa, haijaisha. Imelala tu, ije iamke siku nyingine. Ni jambo jema likitumiwa vizuri. Shahidi akiugua, mnailaza. Watu wakitaka kung'atana, mnailaza, hasira zipoe. Lakini Fisi ameichongea kesi yako kitanda, na mto wa kulalia ameitilia."

"Mwanangu hatafika kesi ikilazwa mara tatu nyingine."

Sungura akamtazama yule mtoto, akaacha mzaha. "Simba husemaje akipiga mkia?"

"Kila kitu kibaki kama kilivyo."

"Basi tunataka mkia ule upigwe Fisi akiwa nje na wewe ukiwa ndani. Hatuhitaji zaidi ya hapo."

"Atatokaje? Hata kulala hulala humo humo."

"Atatolewa na tumbo lake. Amefiwa, sivyo? Na mfiwa hapelekewi pole kwa mikono mitupu."

Kikao cha nne kilipofika, baraza lilipokuwa linakaa tu, vilio vikasikika. Kanga kumi na wawili walikuja kwa mstari, mabawa kichwani, wakilia, "Uwii, shangazi! Uwii, shangazi wa watu!" Nyuma yao Sungura alibeba mkeka begani na chungu kilichofunikwa majani kichwani. Ndani ya chungu mlikuwa na kipande cha ngozi kuukuu na mifupa mitatu ya kuokota, lakini alikuwa amevichemsha tangu alfajiri, na harufu yake ilitangulia mbele ya msiba wenyewe.

Sungura akatandika mkeka hatua ishirini kutoka kisimani.

"Bwana Mkubwa," alimwambia Simba, "kabla ya kesi, turuhusu majirani tumpe mwenzetu pole. Wewe mwenyewe uliinamisha kichwa. Sisi ni nani tusije?"

"Mmefanya vizuri," alisema Simba. "Pakueni, lieni, lakini upesi."

"Bwana Fisi," aliita Sungura, "mfiwa hukaa kichwani mwa mkeka, na ndiye anayefunua chungu. Desturi hairuhusu mwingine aanze."

Pua ya Fisi ilikuwa imeshatoka kisimani. Sehemu nyingine zikawa zinabishana. "Nileteeni hapa hapa," alisema.

"Matanga ndani ya kisima? Marehemu atatucheka. Lakini kama huzuni imekukata hamu, basi, tutakula wenyewe kwa niaba yako. Kanga, funueni majani..."

"Msiguse!" Fisi akaruka nje, maji yakitiririka, akafika kwenye mkeka kwa hatua tatu na kutumbukiza kichwa chunguni mpaka masikioni.

Mama Ngiri akaingia kisimani kinyumenyume, kama ngiri aingiavyo shimoni kwake, na watoto wanne wakamfuata. Kwa vilio vya kanga, hakuna aliyesikia hata sauti ya kunywa.

"Bwana Mkubwa," Sungura akasema haraka, "haifai kumhoji mfiwa siku ya matanga. Upande wetu tunaomba kesi iahirishwe mpaka arobaini ya marehemu iishe."

Simba alishangaa, maana upande ule haukuwahi kuomba kitu. Lakini neno lilikuwa tamu mdomoni mwake. Akapiga mkia mara tatu. "Baraza limeahirishwa kwa siku arobaini! Kila kitu kibaki kama kilivyo!"

Wanyama wakasimama na kuinama. Fisi akatoa kichwa chunguni, mfupa mdomoni, akageuka. Akaona pua tano zikichungulia kutoka kisimani kwake.

"Hapana!" Mfupa ukaanguka. "Bwana Mkubwa, kesi isikilizwe leo! Leo leo!"

"Shahidi wako haoni mchana," alisema Sungura.

"Simhitaji!"

"Tumbo linakuuma."

"Limepona!"

"Una msiba mzito, ndugu yangu. Siku arobaini si nyingi."

"Msiba gani?" Fisi akapiga kelele. "Shangazi hajafa! Shangazi ni mzima kuliko nyinyi nyote!"

Kanga wakaacha kulia katikati ya "uwii". Papo hapo vichaka vikatikisika, akatoka fisi mmoja mzee, mnene, amenyoosha pua hewani.

"Nimesikia harufu ya supu," alisema. "Nani amefiwa hapa?"

"Ni mpwa wako, Shangazi," Sungura akamjibu kwa adabu. "Amefiwa na wewe."

"Na mimi? Nimekufa lini, mbona sikuambiwa?"

Simba akasimama. Alitazama manyoya yake, yale yaliyoburuza mavumbini kwa heshima ya mzee huyu anayetafuna ngozi mkekani. Alipozungumza, sauti yake haikuwa kubwa, na hiyo ilitisha zaidi.

"Fisi, umesema unataka kesi isikilizwe leo?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa, lakini..."

"Nimekubali ombi lako. Nani alichimba kisima hiki?"

Kila mnyama akalitazama jino la Mama Ngiri lililokatika.

"Kisima ni cha Mama Ngiri," alisema Simba. "Na wewe ondoka katika bonde hili, usirudi mpaka mvua inyeshe."

Fisi akaanguka chini. "Bwana Mkubwa, naomba... naomba tuahirishe!"

"Kwa sababu gani?"

Fisi akatafuta sababu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nina... nina msiba."

"Msiba utaupata sasa hivi, mwanangu," alisema Shangazi, akaitema ngozi na kumkimbiza mpaka ng'ambo ya mto.

Jioni ile majirani walipanga foleni kisimani, mmoja mmoja, kwa adabu. Mama Ngiri aliwagawia akiwa amepiga magoti. Kitinda mimba wake alinywa, akapumzika, akanywa tena. Kisha akakimbia kuuzunguka ule mkeka mtupu, na mkia wake ulikuwa umesimama wima kama ufito.

Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi.