Bi Tandabui na Nyumba Isiyo na Mlango

Paukwa!

"Pakawa!"

Muhogo jikoni?

"Bado mbichi!"

Na masikio yenu?

"Yameiva!"

Haya. Makame, toa mguu wako kwenye kuni, usije ukasema shangazi yako Mize alikuchoma kwa hadithi.

Hapo zamani za kale, katika shamba la kunde, aliishi buibui aitwaye Bi Tandabui. Alikuwa fundi hasa, si fundi wa kubahatisha. Uzi wake ulikuwa mwembamba hata jua lilipita bila kuujua. Na maringo je? Msiniulize! Wenzake wakisuka, watu huona. Yeye akisuka, hakuna aonaye. Kila akimaliza aliimba hivi, na nyinyi mtamjibu:

Nasuka, nasuka, nani auonaye?

"Hakuna!"

Siku hizo Bi Tandabui alikuwa na mayai tumboni. Mvua za vuli zilikuwa njiani, naye alitaka kuyataga na kuyafunika kwa kifuko cha hariri kabla hazijanyesha. Sasa sikilizeni. Uzi wa buibui hutoka tumboni mwake. Asipokula, hana uzi. Asipokuwa na uzi, hana utando. Asipokuwa na utando, hali. Na mayai yasipofunikwa, watoto wote watakwenda na maji.

Basi asubuhi moja akaja njiwa, mbio mbio, pwaa! Akapita katikati ya utando, ukachanika wote. Bi Tandabui akamng'akia, akamwuliza ni adabu gani hiyo ya kuingia majumbani mwa watu bila hodi. Njiwa wa watu akaomba radhi, akasema nyumba yenyewe hakuiona. Kusikia hivyo, Bi Tandabui akavimba kichwa. Kumbe uzi wake haujapata mfano! Akasuka upya, mwembamba kuliko wa jana, na tumbo likapungua kidogo.

Nasuka, nasuka, nani auonaye?

"Hakuna!"

Siku ya pili akaja mbuzi, anafuata majani ya kunde, akaingiza kichwa chote. Utando ukamfunika uso mpaka chini, akawa kama bi harusi mwenye ndevu. Cheka, Kidawa, lakini mwenye utando alilia. Bi Tandabui akamfokea kwa nini hakupiga hodi. Mbuzi akamwuliza angeipigia wapi, kisha akaenda zake akitafuna kunde na uzi pamoja.

"Shangazi, kwa nini asihame?"

Ahame na tumbo lile, aende wapi? Tia ukuni, tuendelee. Akasuka tena, mwembamba zaidi, na njaa ikaanza kumwuma.

Nasuka, nasuka, nani auonaye?

"Hakuna!"

Siku ya tatu akaja chozi, kile kindege kidogo cha kwenye maua. Alikuwa amebeba mdudu mdomoni, anawapelekea makinda wake. Nyuzi zikamzonga bawa, mdudu akaanguka nyasini, akapotea. Bi Tandabui akatoka mbio na matusi yake tayari. Lakini chozi alikuwa analia.

"Mama," akasema, "hodi hupigwa mlangoni. Nyumba yako haina mlango, haina ukuta, haina hata kizingiti. Makinda wangu wanalala na njaa leo. Kosa langu ni lipi?"

 Bi Tandabui akawafikiria wale makinda, akawafikiria na wa kwake waliomo tumboni, aibu ikamshika. Akamkata chozi nyuzi bawani, moja moja, taratibu, mpaka akaruka.

Uzi ulibaki kidogo sana. Akasuka utando mdogo, na ule wa mwisho kabisa, aliouweka kwa ajili ya kifuko cha mayai, akautoa pia. Akaushona katikati, mnene, mweupe pe, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayeshona pindo. Buibui wenzake wakamcheka, wakasema fundi kaishiwa, sasa hata nzi watamwona na kumkimbia. Hata yeye mwenyewe aliogopa. Siku hiyo hakuimba.

"Hakuimba kabisa?"

Hata neno.

Asubuhi njiwa akaja mbio mbio. Akaona weupe mbele yake, akafunga breki.

"Hodi!"

"Karibu! Pitia juu."

Mbuzi akaja. "Hodi!"

"Karibu! Zunguka nyuma."

Chozi akaja na mdudu mdomoni, akatikisa mkia tu.

"Karibu, mwanangu. Makinda hawajambo?"

Na nzi je? Nzi ana kiherehere, hapiti penye pambo asichungulie. Walikuja kuona kuna harusi gani pale, wakanasa. Bi Tandabui akala, akala, tumbo likajaa uzi. Akataga, akafuma kifuko kizuri. Vuli ikashuka, na watoto wake mia wakakaa wakavu, wakimsikiliza mama yao akiimba:

Nasuka, nasuka, nani auonaye?

"Sote!"

Ndiyo maana hadi leo baadhi ya buibui wa mashambani hupamba tando zao kwa uzi mweupe. Wale wa darini hawapambi, maana nani arukaye darini?

"Popo!"

Haya, Makame, popo. Basi, wanangu, msimlaumu mtu kwa kutopiga hodi kama hamjamwonyesha mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo, na muhogo umeiva. Chungu kiko nyuma yangu, na mlango wake ni mimi.

"Hodi! Hodi, shangazi!"

Karibuni. Mkono wa kulia, na aliyekaribia kuunguza mguu atangulie.