Mlango Usiouliza Jina

Palikuwa na Sultani, Jabiri bin Sefu, ambaye usingizi haumjii mpaka ajue nani kamsema. Akapiga marufuku barua pepe zote mjini, isipokuwa zinazopitia mashine ya kasri; kila mtu akalazimika kuitumia hiyo. Kisha akamwita Kidawa, mwanamke fukara aliyetengeneza kompyuta mbovu kwenye kibanda nyuma ya soko la samaki. Ulimi wake ulikata kuliko wembe.

"Kidawa, nitobolee mlango wa siri katika mashine ya barua. Nataka kusoma barua za kila mtu."

"Maulana, mlango huo utajuaje kwamba apitaye ni wewe?"

"Mlango usiniulize kitu. Sultani haulizwi!"

"Na akipita mwingine?"

"Nani athubutu? Utatoboa, au ukalale gerezani?"

Kidawa akamfikiria mama yake, asiye na mwingine wa kumlisha. Akatoboa.

Sultani akasoma, akanuna, akasoma tena. Raha iliyoje! Lakini mchokonozi mmoja akalipapasa lile tundu, akamnong'oneza mwenzake. Mara wauza pweza wakawa wanasomeana barua za Sultani mwenyewe: ile ya kuagiza piko la kuficha mvi za ndevu, na ile ya kumlilia mama mkwe amrudishie mke. Watu wakacheka, paka wakapata nafasi ya kuiba samaki.

Kidawa akaburutwa hadi barazani, na ile mashine ya barua ikabebwa. Mji mzima ukafuata.

"Umeniuza!" akanguruma Sultani.

"Sijakuuza, Maulana. Nimetoboa ulichoagiza. Tundu halina adabu. Halijui mwenye kilemba wala mwenye kikapu."

"Lizibe!"

"Nikiliziba, nawe hutasoma za watu."

Sultani akameza mate. Akaitazama mashine kama mtu anayeambiwa aache halua.

"Basi usilizibe," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akapaza: "Nitajie tu aliyeingia! Naapa mbele ya baraza hili, awe nani awaye, leo hii atauhama mji huu!"

"Awe nani awaye?"

"Hata akiwa ndugu yangu, tumbo moja!"

Kidawa akaigeuza mashine, Waziri asome. Waziri akasoma. Akakohoa.

"Sema, Waziri!"

"Maulana… wote waliopita mlango ule, mashine imewaandika jina moja tu."

"Lipi?"

"Sultani."

Kidawa akainama kwa heshima zote.

"Maulana, nikusaidie kufunga virago?"