Mkuyu wa Mzee Tembo na Choo cha Bi Digidigi

Fumbeni macho kidogo, watoto wangu. Oneni ua mdogo uliofagiliwa vizuri, na katikati ya ua mfuniko wa chemba unachezacheza: bwaku! bwaku! Mmeuona? Basi hapo ndipo tunapoanzia, zamani za kale sana, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kupokea wageni.

Ua huo ulikuwa wa Bi Digidigi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa wageni wangekuja kumposa binti yake, Siwema, na choo kilikuwa kimeziba.

"Aibu gani hii!" alilia. "Sisi digidigi, tunaosifika kwa choo safi! Wakwe watasemaje?"

Akaitwa fundi Fuko. Akachimba, chakuru, chakuru, akatoka na kitu kirefu chenye nywelenywele, kinadondoka maji.

"Mzizi, mama. Mkuyu wa Mzee Tembo uko hatua nne tu kutoka shimo la choo. Umepenya kwenye kiungo cha bomba na kujaa ndani kama ufagio. Naweza kuukata leo, lakini mvua zikinyesha utarudi."

Bi Digidigi akaenda kwa jirani yake.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, kadogo." Tembo alimsikiliza huku akijikuna mgongo kwenye mti, kwaru, kwaru. "Ati ning'oe mti kwa ajili ya choo? Thubutu! Hao wageni wako waende porini. Nchi nzima hakuna makuyu matamu kama haya!" Akatupia tunda mdomoni. Tafu, tafu.

Bi Digidigi aligeuka, machozi yakimlenga. Akalitazama tunda. Akaukumbuka ule mzizi. Pua yake ndogo ikacheza.

"Kweli ni matamu, Mzee. Na utamu huo unatoka kwangu."

"Kwako? Mti naumwagia samadi mwenyewe!"

"Samadi yako inabaki juu. Mti wako unakunywa kwangu, asubuhi na jioni. Ukitaka siri, njoo. Ila usimwambie mtu."

Tembo alipenda siri kuliko alivyopenda makuyu. Akamfuata, tu! tu! tu!

"Iko wapi?"

"Chini ya mfuniko huu. Ufunue, uvute pumzi kwa mkonga wote."

Tembo akafunua. Akainamisha mkonga. Fyuuuuuu!

Macho yakamtoka. Kisha, peeeeeh! Akapiga chafya, kanga watatu wakatimkia kichakani.

"Hii... hii si ndiyo..."

"Ndiyo yenyewe, Mzee. Ya juzi na ya jana. Na mzizi wako ule pale, bado unakunywa."

"Na makuyu niliyokula?"

"Leo umekula mangapi?"

"Madebe mawili," alijibu Tembo, kwa sauti ndogo kuliko ya Digidigi.

Hakungoja kuombwa tena. Fuko alipomaliza tu kukata mizizi pale bombani, Tembo aliuzungushia mti mkonga akavuta. Hiyaa! Mkuyu ukang'oka na udongo wake. Akaubeba hadi bondeni, mbali na nyumba zote, akaupanda huko, kisha akasukutua mdomo mara saba. Fuko akafunga bomba jipya.

Ijumaa wageni walifika. Mama mkwe alikwenda chooni, akarudi anatabasamu. "Hapa ndipo nyumbani," akamwambia mumewe. Siwema akaposwa.

Mnataka kujua kama makuyu yale yalikuwa na ubaya wowote? Hata kidogo! Mti hunywa maji machafu ukatoa tunda safi, na Bi Digidigi alilijua hilo vizuri. Ila Mzee Tembo hakuuliza.

Nanyi, watoto wangu, siku mtakapojenga nyumba zenu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mti mkubwa pandeni mbali na shimo la choo, kwani mizizi hufika hata kule ambako kivuli chake hakifiki.