Nguvu za Bwana Shembilu

Bi Saumu aliuza maji ya kisima langoni pa uwanja wa mpira. Siku moja akajiwa na Bwana Shembilu, tajiri wa maji ya chupa yenye vitamini.

"Ondoa mtungi wako! Siku hizi watu wanataka maji ya afya."

"Nitaondoka, Bwana. Ila onja kwanza yangu na yako, wateja waisikie tofauti kinywani mwako."

Bi Saumu akachukua chupa ya Shembilu iliyokuwa kando ya mtungi, akammiminia. Shembilu akayagugumia, akatunisha kifua. "Nguvu hizo! Mpaka magotini!"

Akamchotea ya mtungini. Shembilu akayatema. "Pu! Haya yanalegeza mwili!"

Bi Saumu akawageukia wateja. "Mmemsikia? Niliposikia anakuja, nilinunua katoni yake nzima nikaimimina mtungini. Chupani nilitia ya kisima."

Mpagazi wa Shembilu, aliyekuwa akishusha katoni garini, akanyoosha kikombe. "Nitilie ya kisima, Bi Saumu. Bado nina katoni hamsini za kushusha."