Joho la Sultani Lenye Doa la Mchuzi

Palikuwa na sultani mmoja, Zahoro jina lake, akitawala mji wa Ukungani, huko juu milimani ambako baridi hukuingia mpaka kwenye meno. Bwana huyu alikuwa na wazimu wa majoho. Majoho ya sufu, mazito, yenye kola za manyoya. Akilivaa moja kuzungukia bustani yake mara mbili tatu, basi, limeshamchosha, analeta jingine. Tena alikuwa mvivu, jamani, mvivu wa kupindukia! Akialikwa harusini haendi, hulituma joho. Mpiga mbiu hutangulia akipaza sauti: "Joho likifika, Sultani kafika!" Basi joho litatandikiwa zulia, litapepewa, litawekewa sinia la pilau, na watu wazima na ndevu zao wataliinamia na kuliuliza habari za nyumbani. Ole wake atakayecheka.

Makabati yakajaa hadi milango ikagoma kufunga. Waziri akashauri majoho yaliyovaliwa kidogo yapelekwe sokoni, yauzwe kwa bei ya kutupa. Yakatundikwa kwenye kamba, katikati ya makoti ya mitumba na suruali zilizopauka, na yule yule mpiga mbiu sasa akawa muuzaji, anapayuka: "Haya haya, la Sultani hilo! Bado linanukia udi! Ila mjue, mali ya Sultani ikishauzwa hairudishwi!"

Hapo ndipo alipopita Mize, mjane, muuza uji. Kila alfajiri Mize huketi nje pale sokoni na sufuria yake, na baridi ile ilikuwa imeshamkaa kifuani. Mganga alimwambia wazi: bila nguo nzito, kipupwe hiki hukimalizi. Akapapasa majoho yote, akalishika la kijani lenye doa la mchuzi kwenye kola.

"Hili nalo mnauza? Mbona limeshakula?"

"Doa dogo tu hilo, mama!"

"Dogo kwako. Atakayenuka binzari ni mimi. Punguza."

Akaligeuza ndani nje, akalinusa kwapa, akakunja uso. Wakavutana mpaka jua likafika utosini, na muuzaji sauti ikamkauka. "Chukua, bibi, chukua! Uniondokee!"

Kesho yake alfajiri Mize kaketi na joho lake, moto kifuani, raha mustarehe. Sasa watu wa Ukungani kwa mazoea yale, wakiona tu kola ya manyoya kwenye ukungu, migongo inajipinda yenyewe. Mwashi akainama. Mchinjaji akainama. Kadhi naye akapita, akainama mpaka ndevu zikazama kwenye sufuria.

"Shehe, toa ndevu," Mize akamwambia. "Watu watakunywa huu."

Habari zikafika ikulu kabla uji haujaisha. Mize akaletwa barazani na joho lake mwilini na upawa mkononi, maana hata nafasi ya kuuweka hakupewa. Mji mzima ukaja nyuma yake, kadhi akiwa bado anajifuta.

"Wewe ndiye unayeinamiwa sokoni?" Sultani akanguruma.

"Wanainama wenyewe, Maulana. Mimi nawapa uji tu."

"Joho uliuziwa. Heshima hukuuziwa! Nataka uirudishe yote, kila mgongo ulioinama, sasa hivi. Ukishindwa, joho nalichukua, sufuria naichukua, na wewe unalala gerezani."

Gereza la Ukungani lilikuwa pango la mawe. Kwa kifua kile, bila joho, asingetoka mzima. Aliogopa, na tusimsingizie ushujaa. Lakini mdomo wake haukuwahi kumsubiri.

"Nirudishe kwa pishi, Maulana, au kwa kapu?"

"Usinifanyie mzaha!"

"Nauliza nisije nikakupunja. Nitarudisha, ila nijue kwanza ni ya nani. Joho hili si ndilo lililokwenda harusini kwa binti wa kadhi?"

"Ndilo."

"Na aliyeketishwa pale mbele ni nani?"

"Ni mimi!"

"Si lilikwenda peke yake?"

"Joho likifika, mimi nimefika. Hujui sheria, we mwanamke?"

"Naijua sana. Na lile pilau, nani alikula?"

"Mimi!"

Watumishi wawili waliolila wakatazama dari.

"Na mchuzi huu, nani alijimwagia?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama viatu vyake.

"Mimi," Sultani akasema, kwa sauti ndogo kidogo.

"Ahsante, Maulana. Sasa jana sokoni. Aliyetundikwa kwenye kamba kati ya suruali kuukuu, akapigiwa kelele, akageuzwa ndani nje, akanuswa kwapa, nikamteremsha bei mpaka muuzaji akakaukiwa, alikuwa nani yule?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ile... ile ilikuwa nguo!" Sultani akafoka.

"Nguo tu?"

"Nguo tu!"

"Alhamdulillahi. Basi na leo watu wameinamia nguo tu, na nguo ni yangu. Sikuchukua heshima ya mtu. Niruhusu nikauze uji."

"Simama hapo!" Sultani akaruka kitini, kilemba kikamwendea upande. "Hawawezi kuinamia nguo tu! Wameniinamia mimi! Ndani ya joho hilo nimo mimi!"

"Wewe, Maulana? Mbele ya kadhi na watu wote hawa?"

"Mimi! Mimi mwenyewe, tangu lilipotoka kabatini mpaka leo!"

Mize akamnyooshea upawa.

"Basi shika, twende ukakoroge uji. Mali ya Sultani ikishauzwa hairudishwi."