Neno la Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ada yao. Anayefundisha hutaja kwanza: nani kasema, msimu gani, mahali gani. Ndipo aseme neno lenyewe. Anayetaka zaidi huenda huko huko akaulize.

Basi palikuwa na Paa, binti wa Bi Siwema. Mama alitoka kiangazi kutafuta maji. Hakurudi. Vuli ikapita, masika yakapita, kiangazi kingine kikaingia. Paa hulala upande mmoja tu wa kichaka. Upande wa mama hauguswi.

Asubuhi moja Kima akapanda kichuguu. Hakutaja mtu. "Sikieni! Mchanga ukikupoza kwato, chimba, maji yapo. Ukikuunguza kwato, pita!"

Wanyama wakashangilia. Paa akasimama. "Kaka Kima, wewe kwato unazo?"

Kwa-kwa-kwa! Wanyama wakacheka.

"Ni maneno tu hayo, dada."

"Ya nani?"

"Yangu! Nimeyawaza mwenyewe."

"Kwa vidole hivyo? Sema, umeyatoa wapi?"

Kima akajikuna kwapa. "Aa, Kwale aliniambia. Majina mengi yanachosha watu, bwana."

Paa huyo, mbio, tifu-tifu-tifu, hadi kwa Kwale. Kwale alikuwa ameatamia mayai.

"Shangazi Kwale, neno la kwato ni la nani?"

Kwale akashtuka. "Kwani Kima hakukufikishia? Ni la Bi Siwema, msimu wa vuli, Bonde la Mikoche. Alikuwa amevunjika mguu, hawezi safari. Alisema, 'Lipelekeni na jina langu, mwanangu ajue nilipo.' Vuli ile nami nilikuwa na mayai, kama sasa. Kima alikuwa anakuja kwenu, nikamtajia yote!"

Paa hakuaga. Tifu-tifu-tifu! Milima, mabonde, miiba. Akafika Mikoche. Kisima kipo, kimechimbwa kwa kwato. Kando yake yuko Kobe, peke yake.

"Mama yangu yuko wapi, babu?"

Kobe akamtazama sana. "Alikungoja, mjukuu wangu. Vuli nzima. Masika mazima. Kila apitaye alimuuliza, 'Mwanangu hajasikia?' Masika yalipokatika mguu ulikuwa umepona. Akasema, 'Labda neno halikufika, labda amehama kichaka chetu,' akaondoka kukutafuta mbali. Njia aliyoshika siijui."

Paa akainama akanusa ukingo wa kisima. Harufu ya mama ilikuwa imekwisha.

Akabaki pale. Kila apitaye alimwambia: "Bi Siwema kasema, vuli, Bonde la Mikoche: mchanga ukikupoza kwato, chimba. Nami ni binti yake, niko hapa hapa. Lipeleke lote. Usipunguze!"

Wengine walipeleka lote. Wengine, mmh.

Basi sikieni, wakubwa kwa watoto: ukichukua neno la mtu, litaje jina lake, na msimu, na mahali. Ukimnyima jina, umemwibia yeye, na umemfungia njia anayemtafuta.

Hadithi yangu inakomea hapo, na Paa bado yuko kisimani.