Ufunguo wa Ghala la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, kiboko alipokuwa akivaa kanzu na kindi akisuka nywele, wanyama wote wa bondeni waliweka mbegu zao katika ghala moja. Ufunguo alikaa nao mfalme, Mzee Kiboko. Na huyo mzee kwa karamu, mwacheni! Leo karamu ya kuota jua, kesho karamu ya kupumzika baada ya karamu.

Bi Kindi alichungulia ghalani. Mbegu zilikuwa karibu kwisha kwa karamu zile, zimebaki za kupanda tu. Mvua ikija, watoto wake watapanda nini, watakula nini? Lakini nani amwambie Kiboko aache kula?

Akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, natafuna."

"Nimemwona Tembo ghalani. Anapima mlango kwa mkonga."

Kiboko akapaliwa. Koho, koho! "Anataka kula chakula changu? Nifanyeje?"

"Tunga sheria mbele ya watu wote. Na ufunguo mpe Nungunungu, yule hana rafiki."

Jioni ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu! Kiboko akatangaza, "Ghala halifunguliwi mpaka mvua ya kwanza. Yeyote, awe na ukubwa gani, asipewe hata punje."

Mwenyewe akashangilia kuliko wote. Nungunungu akaupokea ufunguo, akaulalia.

Haikupita wiki, tumbo la Kiboko likaanza, guruguru.

"Nungunungu, lete ufunguo."

"Mvua bado, Mzee."

"Mimi ni mfalme wako."

"Ulisema yeyote. Tulisikia sote."

Kiboko akainama auchukue mwenyewe. Chwi! Akaruka nyuma, miiba imejaa puani. Akamgeukia Kindi aliyekuwa akitazama.

"Wewe! Sheria ile ilikuwa ya Tembo."

"Mbona hukumtaja, Mzee?"

Kindi alicheka njia nzima. Kufika nyumbani, akamkuta kitinda mimba wake analia njaa. Kicheko kikakatika. Akanyata mpaka kwa Nungunungu.

"Kaka, punje moja tu. Si mimi niliyekupatia kazi hii?"

 Nungunungu alisimamisha miiba tu.

Basi Kindi akaenda kuchimba mizizi, akiona uchungu kwelikweli, huku akijua kwamba angepewa yeye, kesho angepewa Kiboko.

Mvua ikanyesha. Ghala likafunguliwa, mbegu zikatosha bonde zima. Kiboko alipanda mstari wa kwanza, pua bado imevimba, na Kindi akafuata nyuma akifukia.

Nami nawaacha hapo shambani na neno moja: sheria ya kulinda mali ya wote haina maana isipomzuia hata aliyeitunga.